Bahasha ya Novemba

Kila mwaka Novemba ikikaribia, parokia yetu hugawa bahasha za kaki. Kila nyumba huchukua yake, huandika majina ya marehemu wao, hutia sadaka kidogo, kisha bahasha zote huwekwa mbele ya altare na kuombewa mwezi mzima. Nyumbani kwetu, kijijini nje kidogo ya mji wa Malindi, aliyekuwa akiandika ni baba. Yeye ni katekista wa kigango chetu, na mwandiko wake umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nilipokuwa mdogo nilimshikia koroboi, naye akawa ananieleza kila jina: huyu ndiye aliyechimba kisima, huyu alizama akivua, huyu ni mtoto wa shangazi, alikufa kabla hajaitwa jina, ndiyo maana tunamwandika "mtoto" tu.

Kisha kwa miaka minne sikuigusa bahasha hiyo. Nataka kueleza kwa nini, na nataka kueleza jina moja nililoliongeza mwaka jana: la mfalme aliyekufa karibu miaka 400 iliyopita, akiwa adui wa kanisa langu.

Baba alinipeleka chuo kikuu kwa minazi. Sisemi kwa mafumbo. Minazi kumi na minne aliiweka rehani kwa jirani, jirani akawa ndiye anayeangua nazi na kugema tembo, na pesa zile zikanilipia karo Nairobi. Mwaka wa pili nikaacha. Sababu zilikuwa nyingi na hakuna hata moja tamu kuisimulia. Tuseme tu kwamba nilifika mahali ambapo kuamka asubuhi kulikuwa kazi ya siku nzima. Lakini kuacha si ndiko kunakonitia haya. Kinachonitia haya ni kwamba sikumwambia. Alituma karo ya muhula mwingine, nikapokea, nikanyamaza, nikanunua laptopu ya mtumba na kulipa kodi ya chumba. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi hii ya kuandika, kwa minazi ya baba, na yeye hajui.

Alipojua, nilipanda basi la usiku nikarudi. Nilimkuta ameketi mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Akaniangalia kwa utulivu, kama mtu anayeulizwa njia na mgeni, akasema, "Mimi mwanangu yuko chuo, Nairobi. Wewe sikujui."

Sikuingia ndani. Upande wa pili wa ua kulikuwa na nyumba ya mamake baba, ambaye sisi Wagiriama humwita hawe. Hawe aliniita kwa mkono, akaniuliza swali moja: "Umekula?" Akainua kawa, chini yake kulikuwa na wali wa nazi na mchuzi wa papa. Sikujua alimwekea nani. Baba alipokuja baadaye kumwambia asinilee ujinga, Hawe alimjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Mtoto akikunyea mkono, wewe huukata mkono?"

Baba akaondoka. Nami nikapanga chumba mjini, nikawa namtembelea Hawe siku ambazo baba yuko kigangoni.

Yusuf nilikutana naye kazini. Kuna mtu alitaka maandishi ya kuwaeleza watalii kuhusu Malindi, ile ya kawaida: mnara wa Vasco da Gama, Nyumba ya Nguzo, kanisa dogo la Wareno. Malipo yalikuwa kwa neno, kwa hiyo nilisoma sana ili niandike sana. Kanisa lile ukilipita kwa tuktuk unaweza kudhani ni banda la mtu. Ni dogo, limeezekwa makuti, na uani kuna makaburi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mji huu mwaka 1542 akielekea Goa. Mwenzao mmoja aliyefariki melini walimzika hapa, na barua yake inasimulia kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika maiti wao. Mtu mmoja wa heshima mjini akamuuliza kama makanisa ya kwao hujaa, maana hapa kulikuwa na misikiti 17 na watu walikuwa wakiingia mitatu tu, tena wachache. Niliipenda picha hiyo: watu wawili wa dini mbili, wanaulizana kuhusu nyumba za ibada zisizojaa, na maiti mmoja amezikwa vizuri. Ningeishia hapo, watalii wangefurahi.

Lakini historia ya Malindi na Wareno haiishii kwenye mazishi mazuri. Mji huu uliwapokea Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498, kwa sababu moja kubwa: Mombasa ilikuwa mpinzani wetu, na adui wa mpinzani wako humkaribishi kwa maji matupu. Urafiki ulidumu. Miaka ya 1590, baada ya Mombasa kushindwa, Wareno walimhamisha sultani wa Malindi, Ahmad, akatawale kule, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Kwa hiyo ule ukoo uliotawala Mombasa chini ya kivuli cha ngome ulikuwa ukoo wa kwetu.

Baada ya Ahmad akaja mwanawe Hasan. Hasan akagombana na kapteni wa ngome, mambo yakachacha, akakimbilia bara, upande wa Rabai, kwa watu ambao hati za Wareno zinawaita Wamusungulo. Mwaka 1614 watu hao waliuawa kwa bei. Nimekosea, acha nirudie: waliomkaribisha ndio waliomuua, kwa malipo ya vitambaa kutoka kwa Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa.

Hapo nilisimama, nikafunga laptopu. Wanahistoria wengi huwahusisha Wamusungulo na mababu wa Wamijikenda. Yaani mababu zangu. Nilikuwa nimekaa nikisoma kama mtu anayetazama ugomvi wa majirani kutoka dirishani, kumbe vitambaa viliingia nyumbani kwetu.

Hasan aliacha mtoto, Yusuf, mdogo bado, wa miaka kama saba. Wareno walimchukua wakampeleka Goa, mji uleule kilikopelekwa kichwa cha babake. Akalelewa na watawa Waagostino. Akafundishwa kusoma na kuandika, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Alipokua akatumikia kwenye meli za Ureno, akaoa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa akawa mfalme, wa kwanza Mkristo katika ukoo wake. Kwa macho ya wakubwa wa Goa, deni lilikuwa limelipwa: mtoto amerudishiwa kiti cha babake. Lakini kiti si baba. Na kiti chenyewe kilikuwa cha Jerónimo. Yusuf hakuwa na pa kukaa.

Makapteni wa ngome walimdharau. Waislamu wa mji nao walimwona mgeni. Kisha ikasemekana ameonekana akisali kwa siri kwenye kaburi la babake, kwa namna ya Kiislamu. Habari ikamfikia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Kwa mfalme aliyebatizwa, lile lilikuwa kosa la kukamatwa na kupelekwa Goa akahukumiwe. Najiuliza kaburi lile lilikuwa na nini ndani, maana kichwa hakikuwemo. Na najiuliza mtu wa umri wake anasema nini mahali kama hapo, kwa lugha gani, akijiita nani.

Hakungoja kukamatwa. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Akalitupa jina la Jerónimo. Siku zilizofuata Wakristo wa Mombasa waliambiwa wachague: wasilimu au wafe. Waliuawa Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto. Miongoni mwao alikuwamo Dom António wa Malindi, binamu yake mwenyewe, damu moja, aliyekataa kuiacha imani. Baadaye ushahidi ulikusanywa Goa chini ya kiapo, ili waliouawa watambuliwe kuwa mashahidi wa imani, na mwaka 1980 mwanahistoria Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza. Nimeusoma kwenye simu, usiku, na sikumaliza kwa siku moja. Sitaki kumsafisha Yusuf. Mtoto aliyeuawa Agosti ile hakuwa amemuua Hasan.

Wareno walileta meli mwaka 1632 wakashindwa kuitwaa ngome. Hata hivyo Yusuf hakukaa. Aliiacha tupu, akaingia baharini, akaishi kwa kuvamia meli hadi mauti yalipomkuta upande wa Bahari ya Shamu, mwishoni mwa miaka ya 1630. Ukienda Fort Jesus leo, tazama juu ya lango. Kuna jiwe la maandishi ya Kireno la mwaka 1635, la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Linajigamba kwamba ameitiisha pwani iliyoasi na kwamba ameadhibu miji, na Wamusungulo pia wamo kwenye orodha. Jiwe linataja na umri wake: miaka 27. Mmoja tu zaidi yangu. Waliomuua baba walilipwa na ngome, kisha ngome ikaja kuwaadhibu.

Hadithi hiyo sikuiandikia watalii. Nilimpelekea Hawe. Wakati huo alikuwa ameanza kulala mchana, miguu imevimba, anasikiliza zaidi ya anavyosema. Nilimsimulia yote. Nilidhani atashangaa kuhusu mauaji, au kuhusu vitambaa. Akauliza, "Na huyo mtoto, huko ng'ambo, nani alikuwa akimpakulia?"

"Mapadre, hawe."

"Wakimpakulia wakimwitaje?"

"Jerónimo."

"Si jina lake."

"Si jina lake. Ni la ubatizo."

Alinyamaza kitambo. "Basi huyo alikula kwa watu," akasema. "Miaka yote hiyo alikula kwa watu."

Nikamwambia ndiyo, hapo ndipo na mimi nilipofika. Nikaanza kumpa hotuba yangu niliyoiandaa: kwamba kanisa lilimpenda kwa sharti, awe Jerónimo, kwamba kuna wazazi wa hivyo, wanaompenda mwanafunzi wa chuo kikuu wala si mtoto wao, kwamba mwanao yule, mlangoni pale, aliniambia hanijui. Hawe akaniacha nimalize.

"Na wewe," akasema, "siku hizi unamwitaje?"

Sikuelewa.

"Nakusikia. 'Mwanao amekula?' 'Mwanao yuko?' 'Mwanao alisema.' Mwaka wa nne huu. Yeye ni mwanangu, sikatai. Kwako wewe ni nani?"

Nimelelewa na katekista. Kabla sijajua kuzidisha nilijua kusema kwamba Mungu hupenda bila masharti, na nimekaa kwenye mabenchi nikisikiliza mahubiri juu ya mwana mpotevu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara nilikuwa mwana mpotevu mimi, nangoja baba atoke mbio. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nina sharti. Nilikuwa nalo, tena nimelishika kwa mikono miwili: aanze yeye. Aniombe msamaha kwa lile neno la mlangoni, ndipo nami niseme habari ya karo. Hadi hapo, hakuwa baba. Alikuwa mwana wa Hawe. Nilimvua jina kama alivyonivua, tofauti ni kwamba yeye alisema mara moja kwa hasira, mimi nilisema kila wiki kwa utulivu.

Nisingependa udhani nilitoka pale nikaenda kumkumbatia. Nilipanda matatu nikarudi mjini. Jumapili iliyofuata nilikwenda, nikamkuta anatengeneza kiti, nikasema, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba." Akaendelea na kiti. Nikamshikia mguu wa kiti apige msumari. Tulifika hapo kwa mwezi mzima, hatukuvuka. Habari ya karo nilimwambia Jumapili ya tano. Alisema alijua, alikuwa amehesabu mihula. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama laptopu bado inafanya kazi.

Hawe alifariki Oktoba. Alizikwa uani kando ya mume wake, na wanawake wa jumuiya waliimba usiku kucha.

Wiki mbili baadaye bahasha za kaki zikagawiwa. Jioni baba alikaa mezani na kalamu, nami nimekuja kumwona. Sasa kuna stima, hapakuwa na koroboi ya kushika. Jina la kwanza lilipaswa kuwa la mamake. Alishika kalamu, akaiweka. Akaishika tena. Kisha akaisukuma bahasha upande wangu wa meza.

"Andika wewe," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Nikaandika. Yeye akitaja, mimi nikiandika: Hawe, mumewe, aliyechimba kisima, aliyezama, mtoto. Alipomaliza nafasi ilikuwa imebaki. Nikamwambia kuna mtu nataka kumwongeza, nikamsimulia, kwa ufupi kuliko nilivyokusimulia wewe.

"Huyo ndiye aliyewaua wale mashahidi wa Mombasa," baba akasema. Anawajua, anawafundisha watoto wa Kipaimara.

"Ndiye, baba."

"Na Dom António ni nduguye."

"Ndiye."

Alinyamaza sana. Nilidhani ataichukua bahasha. Sikuwa na la kujitetea isipokuwa kwamba Novemba tunawaombea marehemu wote, na nilikumbuka rafiki yangu mmoja Mwislamu wa mtaa wa Shela, tunayekunywa naye kahawa barazani. Nilipomwambia wazo langu aliniangalia kwa jicho la onyo. "Yule alikufa Mwislamu," akasema. "Mwombee rehema ukitaka. Lakini usimbatize mara ya pili." Kwa hiyo jina la kuandika nilishalijua. Kumwombea Jerónimo kungekuwa rahisi zaidi, na kungekuwa sharti lilelile.

"Babake alikuwa nani?" baba akauliza.

"Hasan. Yule aliyeuawa kwa vitambaa. Aliyekimbilia kwetu."

"Basi anza na babake," akasema. "Mtoto hatangulii."

Nikaandika: Hasan bin Ahmad. Chini yake: Yusuf bin Hasan. Baba akaivuta bahasha, akaisoma yote toka juu, akasema mwandiko wangu umeharibika kwa sababu ya mashine. Akatia noti ya shilingi mia mbili, akailamba, akaifunga.

Minazi ile bado iko rehani. Nimeanza kuikomboa, mmoja mmoja, na kwa malipo ninayopata nahesabu itanichukua miaka mingine mitatu. Baba hajaniambia neno jipya la kulifuta lile la mlangoni, nami nimeacha kulingoja.

Jumapili nilipeleka bahasha ofisini. Karani wa parokia ni mama mmoja makini. Huandika kila jina kwenye daftari kabla bahasha hazijapelekwa altareni. Alishuka na kidole chake hadi chini, akasimama.

"Hawa wawili siwajui. Hasan na Yusuf. Ni wa jumuiya gani?"

Nilikuwa na maelezo marefu, yenye miaka na vyanzo. Nyuma yangu kulikuwa na foleni.

"Ni wa kwetu," nikamwambia, na yeye akaandika.